Uzi wa Asukile

Jumatatu, 10 Agosti 1959

Baridi kali. Ukungu umeshuka kutoka mlimani mpaka ndani ya maabara. Bruda Kolumbani, mwalimu wetu wa sayansi, amerudi kutoka likizo ya kwao na sanduku la chupa. Mimi nilishika trei. Mimi ni mwosha chupa mkuu wa shule hii. (Mwosha chupa ni mmoja tu.)

Amewaonyesha Darasa la Kumi jambo ambalo halikunifurahisha. Akamimina dawa nzito kwenye bilauri, inachoma pua. Juu yake, polepole, maji yenye dawa ya pili, yananuka samaki wa juzi. Hazikuchanganyika. Pale zilipokutana pakatanda utando mwembamba, kama wa maziwa yaliyochemka. Bruda akaushika kwa koleo ndogo, akavuta. Utando ukapanda, ukawa kamba. Palepale ulipong'oka pakatanda mwingine. Akavuta, ukaja. Akauzungusha kwenye chupa tupu, ukaja tu. Pamba hakuna, kondoo hakuna, buibui hakuna. Kamba inatoka mahali ambapo hapana kitu!

Nikapiga msalaba. Wanafunzi wakacheka. Washenzi.

Bruda akaeleza kwamba hii ni nailoni. Kila chembe ya dawa ya kwanza ina mikono miwili, na kila chembe ya dawa ya pili ina mikono miwili. Zikikutana zinashikana, moja huku moja kule, foleni isiyo na mwisho. Tena moja ya dawa hizo asili yake ni mafuta ya nyonyo. Nyonyo ile ile iliyoota nyuma ya choo changu.

Nikauliza foleni hiyo inavunjwa na nini. Bruda akasema haiozi, mchwa hawaitaki, maji hayaifanyi kitu. Asidi kali tu ndiyo huiyeyusha, hata ile ya sisimizi. Nimeyaandika haya kwa sababu napenda elimu.

Jumatano, 12 Agosti

Jirani yangu Asukile alifariki jana, tumemzika leo. Kifua. Alichimba dhahabu kule Chunya miaka mingi, akarudi na vumbi la mgodi ndani ya mapafu. Mtaa mzima tulikijua kikohozi chake: viwili vifupi, kimoja kirefu. Ameacha mjane, Atuganile.

Nimesikitika sana. Pia nimetazama mbele kidogo. Naandika yote mawili kwa kuwa shajara hii ni ya siri. Huyu Atuganile nimempenda tangu nihamie mtaa huu, na akinisalimia asubuhi chupa zote nazioshea furaha.

Lakini yupo Anania, fundi cherehani. Leo makaburini nimewaona wajomba zake wawili wamekuja na viatu vilivyong'arishwa. Hao ni washenga, si waombolezaji. Washenga wangu mimi ni baba mdogo Joachim peke yake, naye yuko Iringa, anavuna. Hawezi kuja kabla ya mwisho wa Septemba.

Sasa desturi ya ukoo wao. Mjane hufungwa uzi wa mgomba kwenye kifundo cha mkono. Haukatwi na mtu. Hukaa mpaka ukatike wenyewe, wiki mbili, tatu. Siku unapokatika, marehemu ameondoka, na mwenye washenga alete washenga. Mchungaji wa Moraviani haipendi habari hii, lakini akiambiwa ni ukumbusho tu hutazama upande wa pili.

Uzi huo lazima usokotwe na mgeni asiye wa ukoo, ili marehemu asiujue mkono wake. Bibi Tusajigwe, mama yake Asukile, akatuangalia waombolezaji mmoja mmoja. Akanionyesha mimi kwa kidevu. Wewe wa Iringa, akasema.

Akaniita pembeni. Akaniambia nisokote vizuri, ila nisizidishe. Uzi ukikaa kupita siku zake, marehemu hupata muda wa kuujua mkono uliousokota, na humwendea mwenyewe kumwuliza. Nikajibu ndiyo bibi, ndiyo bibi. Nilikuwa nafikiria foleni isiyo na mwisho.

Ijumaa, 14 Agosti

Nimefaulu! Bruda alikuwa ameiosha ile kamba na kuianika dirishani. Nikachukua kipande. Nitasema panya.

Kamba yenyewe ni dhaifu, ina maji ndani kama utumbo. Inabidi ikauke kabisa, halafu iyeyushwe. Nimeitia kwenye kijiko juu ya jiko la Primasi, nikafunika na kifuniko cha bati maana hewa inaibabua. Ikawa uji mzito wa rangi ya asali. Nikachovya kijiti cha kioo, nikakinyanyua. Uzi ukafuata kijiti mpaka mlangoni!

Bruda alisema kazi haijaisha hapo. Uzi ukipoa lazima uvutwe tena, wa baridi. Nikavuta. Haukukatika. Ulikonda mahali pamoja, pakawa na shingo, na ile shingo ikatembea peke yake kwenye uzi mpaka mwisho. Sikupenda kuiona ile shingo inatembea. Lakini baada ya hapo uzi ukawa mrefu mara nne na mgumu ajabu. Nimening'iniza pasi ya mkaa, umebeba.

Nimesokota nyuzi hizo pamoja, nikapaka utomvu wa mgomba na masizi. Shetani mwenyewe angedhani ni mgomba.

Mpango ni huu. Uzi unamzuia Anania mpaka baba mdogo afike. Akifika, nampa Atuganile mkono wa pole, tone la asidi ya sisimizi liko kidoleni, uzi unaachia. Chupa ya asidi hiyo ipo kabatini kwa Bruda. Wapi pana kosa? Hakuna.

Jumapili, 16 Agosti

Amefungwa. Bibi Tusajigwe aliupitisha uzi kwenye vidole vyake kabla ya kufunga, mara mbili, akiwa amefumba macho. Akauliza mgomba huu ni wa wapi. Nikasema Tukuyu. Akasema migomba ya Tukuyu anaijua tangu utoto. Akafunga fundo.

Atuganile akanishukuru. Ndaga, kaka, akasema. Hilo la "kaka" nitalishughulikia baadaye.

Jumanne, 1 Septemba

Wiki mbili zimepita. Anania anapita kwa mjane kila asubuhi kuangalia mkono. Anarudi cherehanini na uso wa ndimu. Leo ameshona suruali ya karani miguu yote upande mmoja. Nimecheka mpaka nikavunja bilauri.

Jambo moja dogo. Nilimpelekea Atuganile kuni, akawa amejifunika blanketi la sufu kwa ajili ya baridi. Alipotoa mkono, ncha ya uzi iliyobaki kwenye fundo ikasimama. Upepo haukuwapo. Akauinua mkono, ncha ikageuka, ikaelekea kwenye kile kiti cha Asukile kilicho kando ya jiko. Akaushusha, ikabaki imeelekea pale pale.

Najua sababu. Bruda amefundisha: nailoni ikisuguana na sufu inapata umeme. Nikamweleza bibi Tusajigwe kwamba ni umeme. Akaniuliza umeme huo unamjuaje mwenye kiti. Nikaenda kupanga kuni.

Jumatano, 9 Septemba

Mambo si mazuri. Uzi unapumua.

Asubuhi kwenye ukungu unalegea, kidole kinapita chini yake. Saa nane jua likikausha, unabana mpaka unaacha alama. Jioni unalegea tena. Bibi Tusajigwe amewaita wanawake wa ukoo, wamekaa kutwa nzima wanatazama. Wanasema ni kifua chake. Alipokuwa mgonjwa, mchana kilibana hivyo hivyo, jioni kikalegea.

Nimemwuliza Bruda kwa kuzunguka. Amesema nailoni hunywa unyevu wa hewa kidogo, hulegea, ikikauka hurudi. Hapo nikapumua na mimi. Nikarudi nyumbani kwa furaha, nikaanza kupika maharage.

Jua lilikuwa linazama. Nje ya dirisha langu mtu akakohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu.

Nikadhani ni Anania ananitisha. Nikatoka na mwiko. Hapakuwa na mtu. Nikakumbuka kwamba saa hiyo Anania yuko kwaya, na sauti yake nilikuwa naisikia kutoka kanisani, anakosea sauti ya besi. Maharage yameungua.

Jumamosi, 26 Septemba

Baba mdogo Joachim amefika! Basi lililala Igawa, springi imevunjika, akalala juu ya magunia ya mchele. Ameshuka ana mchele sikioni na njaa ya wiki.

Ameketi kiti changu, amekula maharage yangu, akauliza mjane yuko wapi aseme maneno aliyoyaandaa. Nikamwambia uzi haujakatika. Akauliza ni uzi gani huo wa wiki sita. Nikasema mgomba wa Tukuyu. Akasema Wanyakyusa wamebarikiwa.

Sasa ni zamu ya asidi. Jana nilifungua kabati la Bruda. Chupa ipo, imeandikwa vizuri, na ndani yake hamna kitu. Bruda anasema aliimaliza Julai mwaka jana, chupa anaipenda tu.

Kila jioni kikohozi kinakuja dirishani. Kinakaa kidogo, halafu naona kama mtu anangoja nijibu. Nimeziba dirisha kwa gunia. Sasa kinakohoa mlangoni.

Jumatatu, 28 Septemba

Asidi ya sisimizi inatoka kwa sisimizi! Kwa nini niingoje chupa? Na kama sisimizi mdogo ana asidi, siafu ana kiasi gani?

Alfajiri nimekwenda kijitoni na debe. Nimechota siafu wengi. Wameniuma mahali ambapo sitaandika. Nikawamwaga karibu na mlango wa Atuganile wakati yeye ameinama jikoni, kwenye mafuta ya nyama niliyokuwa nimepaka, alipokwenda kuchota maji, kuanzia kizingiti mpaka mahali anapokaa. Wangemwuma kidogo tu mkononi, uzi ungeyeyuka, mimi ningekimbilia kumwokoa. Mambo mawili kwa safari moja.

Siafu wakaingia kwa mstari mzuri. Wakafuata mafuta. Walipofika kwenye kiti cha Asukile, mstari ukasimama. Halafu ukagawanyika. Nusu wakapita kushoto, nusu kulia, mbali kabisa, kama watu wanavyompisha mtu mzima aliyekaa amenyoosha miguu. Pale katikati, palipokuwa na mafuta mengi zaidi, hakukanyaga hata mmoja. Wakaungana tena upande wa pili, wakageuka, wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Atuganile hakuinua hata kichwa. Aliendelea kuchochea moto. Alisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na mtu wa nyumbani, kwamba leo kuna siafu, apandishe miguu.

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta. Si mimi niliyeambiwa.

Siafu wametoka kule wakaja moja kwa moja chumbani kwangu. Baba mdogo alikuwa amelala. Sitaeleza.

Alhamisi, 1 Oktoba

Baba mdogo ameondoka kwa basi la kwanza. Hakuaga. Jana jioni alisikia hodi ya kikohozi mlangoni, akaniambia nimfungulie mgeni. Nikakataa. Akafungua mwenyewe. Akasimama pale muda mrefu, halafu akasogea pembeni, akasema karibu, akaanza kufunga mzigo wake. Nilipomwuliza aliona nani akasema hakuona mtu, ila aliona aibu kumwachia mtu mzima mlango wazi bila kumkaribisha. Akasema huyo mtu ana haki ya kuuliza na mimi nina wajibu wa kujibu. Basi sasa kimekaribishwa ndani. Asante, baba mdogo.

Habari njema: Anania amekata tamaa. Amechumbia binti wa Uyole ambaye hana uzi wowote.

Nikasema hii ndiyo saa yangu. Nikaenda kwa Atuganile jioni kupata ukweli wa moyo wake. Nikamwuliza kwa adabu kama uzi haumchoshi.

Akaniambia kaa, kaka Liberatus, usikae hicho kiti, kaa kile. Nikakaa kile.

Akasema alipofungwa uzi alilia, kwa sababu alijua wiki tatu ni chache. Asukile alipokuwa hai alikuwa Chunya. Alikuja nyumbani Krismasi kwa Krismasi, na Krismasi nyingine hakuja, alituma sukari. Katika ndoa yao yote, akijumlisha siku walizokaa pamoja, hazijazi mwaka. Aliporudi moja kwa moja alirudi kufa. Sasa kila jioni yupo. Anaanza kupita kwangu mimi jirani, sijui anatafuta nini, halafu anakuja kwa mkewe. Anakaa hapo. Mara nyingi anakohoa tu, na tangu afe hajamfokea hata siku moja. Bibi Tusajigwe naye huja, humpa mwanawe habari za mashamba, hurudi kulala.

Akasema kila asubuhi huamka akaushika mkono wake kwanza, akiogopa umekatika. Akaugusa uzi kwa kidole, akalia kidogo, akajifuta, akaniuliza kama nimekula.

Mimi naona yafuatayo. Huyu mama ana upweke. Upweke unamsemesha. Anahitaji mume aliye karibu, tena mwenye kazi ya serikali au inayofanana nayo. Na kati ya viti viwili amenichagulia mimi cha pili. Mwanamke haendi kumpangia mtu kiti bure.

Niliporudi nyumbani kikohozi kilikuwa hakijafika. Kwa mara ya kwanza nilikingoja. Kilipokuja nikasema, ni mimi niliusokota, samahani, ni nailoni. Halafu kikakohoa kimoja tu, kirefu, taratibu, kama mtu anayesema haya basi. Sijakisikia tena kwangu. Hili silielewi na sina nafasi ya kulifikiria.

Jumapili, 4 Oktoba

Baada ya ibada Atuganile amekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Mwenyewe! Mbele ya mtaa!

Akasema anajua ule uzi si wa mgomba. Alijua tangu wiki ya kwanza. Utomvu ulitoka akifua, chini ukang'aa. Hakumwambia mtu. Akasema bibi Tusajigwe alijua kabla yake, naye hakumwambia mtu. Halafu akainamisha macho, akaniomba nimtengenezee mwingine kama ule ule.

Nikauliza wa kazi gani.

Akasema wa mkono wa mwanamume.

Nikaketi chini pale pale kizingitini. Akasema nisione ajabu, jambo hili mwenyewe amemwomba mara mbili, anataka wavae wote wawili. Nikasema mwenyewe hakumbuki kuomba, lakini inawezekana macho yake yaliomba. Akanitazama kidogo, akanishukuru sana, ndaga fijo, kaka, akaenda zake haraka, jioni ilikuwa imekaribia.

Uzi wa wawili! Anania, kashone pazia.

Jumatano, 7 Oktoba

Nimefanya kazi siku tatu. Kamba iliyobaki dirishani kwa Bruda nimeimaliza karibu yote. (Panya wamezidi mwaka huu.) Nimeyeyusha, nimevuta, nimevuta tena wa baridi. Shingo imetembea vizuri. Safari hii sikupaka masizi, nimeuacha unang'aa, wa harusi lazima ung'ae. Nimepima kwenye kifundo changu mwenyewe, nikafunga fundo, nikakata ncha.

Nimempelekea jioni. Mlango ulikuwa wazi, moto unawaka, sahani mbili za ugali zimewekwa. Sikuwa nimealikwa, basi nikajua kwamba nilikuwa natarajiwa. Nikanyoosha mkono na uzi ukiwa juu yake.

Akauvua taratibu, akaupima kwa vidole, akatikisa kichwa. Akasema ni mzuri sana, ila hautoshi. Mwenyewe mkono wake ni mnene, umezoea sururu. Niufanye mkubwa zaidi. Akasema hivyo huku anatazama kwenye kile kiti kingine, kwa haya, hakuthubutu kunitazama mimi.

Hakuna mtu aliyewahi kunisifu mikono namna hiyo. Nimerudi nyumbani naimba. Kweli kifundo changu ni chembamba kwa sasa, lakini nguvu ameiona ndani yake. Nimeanza leo: ugali mara mbili, na kesho nitaazima sururu kwa majirani nilime nyuma ya choo. Mkono ukinenepa nitaufunga uzi mkubwa nimpelekee. Nimemwambia asubiri. Amesema yeye hana haraka, wana muda.